Ukoo wa Farasi katika Ardhi ya Kajiado

Ukoo wa farasi ulianzia Amerika ya Kaskazini miaka milioni 55 hivi iliyopita, kwa mnyama wa msituni aliyekuwa na kimo cha mbweha. Wataalamu humwita Eohippus. Mgongo wake ulikuwa umepinda, miguu ya mbele ilikuwa na vidole vinne na ya nyuma vitatu, na chini ya vidole hivyo palikuwa na nyama laini kama ya unyayo wa mbwa. Meno yake yalikuwa mafupi yenye vinundu, ya kusagia majani mororo na matunda. Ndugu yake alipatikana Uingereza, na Richard Owen alipolieleza fuvu lake mwaka 1841 hakufikiria farasi hata kidogo: aliona linafanana na la pimbi, akampa mnyama huyo jina la Hyracotherium kwa ajili hiyo. Si kwamba alikuwa mzembe. Mtu akiwekewa mifupa ya mnyama huyo na ya pundamilia anayekula nyasi nje ya mji wa Kitengela, Kajiado, hana sababu ya kuwaita jamaa mpaka aonyeshwe waliokuwa katikati.

Nao waliokuwa katikati ni wengi. Mesohippus, wa miaka milioni 35 hivi iliyopita, alisimama kama sentimita 60 begani, akiwa na vidole vitatu kila mguu, na cha kati ndicho kilichobeba uzito mwingi. Merychippus, wa miaka milioni 15 hivi, alikuwa na magego marefu na vidole vya pembeni vilivyoning'inia tu, vikigusa ardhi pale ilipokuwa laini. Baadaye, katika tawi moja, vidole hivyo vya pembeni vilitoweka kabisa, vikaacha vijiti viwili vya mfupa chini ya ngozi na ukwato mmoja. Michoro ya vitabu vya shule huwapanga wanyama hawa kwa mstari, mdogo kushoto na mkubwa kulia, na mchoro huo umewapotosha watu wengi. Kulikuwa na wakati ambapo Amerika ya Kaskazini ilikuwa na jenasi zaidi ya kumi za ukoo huu kwa pamoja, wengine wakila majani ya miti na wengine nyasi, wengine wakizidi kuwa wakubwa na wengine wakirudi kuwa wadogo. Karibu matawi yote hayo yalikatika. Likabaki moja, na jamaa wote wanaoishi leo, yaani farasi, punda na pundamilia, wako katika jenasi ile ile moja ya Equus.

Kilichowasukuma ni hali ya hewa. Dunia ilipoa na kukauka, misitu ikarudi nyuma, nyasi zikashika nafasi yake. Nyasi ni chakula kigumu: zina chembe za silika ndani yake na vumbi juu yake, na vyote viwili hula jino. Nyika nayo haina pa kujificha, kwa hiyo aliyekuwa na miguu mirefu na myepesi ndiye aliyeiona kesho yake. Kwa miaka milioni 50 habari ya ukoo huu ni habari ya meno na miguu.

Kaunti ya Kajiado, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 21,000, ni mahali pazuri pa kuifuatilia habari hii, lakini si kila pembe yake ina la kusema. Msafiri anayeondoka Kitengela kwa Barabara ya Namanga anapita juu ya miamba isiyomsaidia. Nyanda hizi zimelala juu ya lava ya kale, na sehemu yake kubwa ni fonoliti iliyomwagika miaka milioni 13 hivi iliyopita, ikafunikwa na udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Lava hiyo ilipomwagika hapakuwa na mnyama yeyote wa ukoo wa farasi barani Afrika, na hata kama angekuwapo, mwamba unaotoka ardhini ukiwaka moto hauhifadhi mfupa. Kajiado mjini tatizo ni jingine. Marumaru inayochimbwa huko iligeuzwa kuwa marumaru kwa joto na mgandamizo wa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati hakuna mnyama mwenye miguu minne aliyekuwa ametembea nchi kavu. Mifupa iko magharibi, katika Bonde la Ufa, ambako tope la maziwa na majivu ya volkano vilifukia wanyama taratibu, tabaka juu ya tabaka. Kufika huko kutoka Kitengela, njia nyepesi ni kwenda Isinya, kukata kulia kwa barabara ya Kiserian, kisha kushika Barabara ya Magadi.

Kati ya Isinya na Kiserian nililikuta fuvu la pundamilia kando ya seng'enge, limeparara kwa jua, taya la chini limeachana na la juu. Ni kitu cha kuangaliwa bila haraka. Kila upande wa taya la juu una magego sita makubwa, yamebanana bila nafasi kati yake, na mbele yake pana pengo refu hadi kwenye meno ya kukatia. Uso wa kila gego si laini: una kingo nyembamba za enameli zinazozunguka na kujikunja, na katikati ya kingo hizo pana maada laini zaidi inayolika haraka, hivyo kingo hubaki zimechomoza na kukwaruza daima. Gego moja lilikuwa limelegea na lilitoka kwa vidole viwili. Sehemu iliyokuwa ikionekana mdomoni ilikuwa ndogo kuliko ile iliyofichwa ndani ya taya. Hiyo ndiyo akiba ya mnyama mla nyasi: jino hulika kwa juu na kusukumwa kutoka chini mwaka hadi mwaka, na pundamilia mzee ambaye akiba yake imekwisha hufa njaa hata nyasi zikiwa tele. Jino nililirudisha mahali pake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kubeba masalia ya mnyama wa porini bila kibali, na afadhali iwe hivyo.

Kuna alama nyingine kwenye gego hilo ambayo wataalamu huitafuta kwanza. Upande wa ndani wa jino la juu kuna kikunjo kidogo cha enameli. Kwa pundamilia, kikunjo hicho kimeungana na jino zima kwa shingo nyembamba. Kwa jamaa zake wa kale walioitwa hiparioni, kimesimama peke yake kama kisiwa. Jino moja lililookotwa korongoni, hata likiwa limevunjika nusu, linatosha kusema ni la nani kati ya hao wawili.

Baada ya Kiserian barabara hupanda mgongo wa Ngong hadi Corner Baridi, ambako upepo haukosi, kisha huanza kuteremka. Joto huongezeka kila kona, mashamba ya mahindi huisha, migunga huanza. Hapo chini ndipo Bonde la Ufa, na hiparioni walikuwa wa kwanza wa ukoo huu kulipita. Walitoka Amerika kwa kuvuka daraja la ardhi la Bering, lililojitokeza kina cha bahari kilipopungua, zaidi kidogo ya miaka milioni 11 iliyopita. Wakaenea Asia na Ulaya, na haukupita muda mrefu, kwa hesabu ya miamba, kabla hawajafika Algeria, Ethiopia na Kenya. Walikuwa na vidole vitatu kila mguu, lakini walikimbia kwa kile cha kati.

Kwa habari zao za mwanzo inabidi kutazama kaskazini ya Kajiado. Nakali, katika sehemu ya kaskazini ya Bonde la Ufa la Kenya, ina meno yao ya karibu miaka milioni 10. Mwaka 2011 Kevin Uno na wenzake walitoa matokeo ya kupima kaboni iliyomo katika enameli ya meno ya wanyama wa kale wa Kenya. Nyasi za nchi za joto hutengeneza chakula chake kwa njia tofauti na miti na vichaka, na tofauti hiyo huacha alama katika kaboni, ambayo huingia katika jino la anayezila na kukaa humo. Hiparioni wa Nakali walikuwa wa kwanza kati ya wala majani wakubwa wa Afrika Mashariki kuonyesha alama ya nyasi hizo, miaka milioni 9.9 iliyopita. Kufikia miaka milioni 7.4 iliyopita, wale wa Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, walikuwa karibu hawali kingine isipokuwa hizo. Tembo, nguruwe na viboko walichukua muda mrefu zaidi kubadili chakula. Waliokuja wakiwa na meno tayari ndio waliofaidi nyika mpya kwanza, na hapa mtu hahitaji kutafuta maelezo marefu.

Kusini nako, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, kuna kitu ambacho mifupa haiwezi kukitoa. Laetoli, karibu na Ngorongoro, majivu ya volkano yaliyolowa mvua yalihifadhi nyayo za miaka milioni 3.66 iliyopita. Dunia inazikumbuka kwa nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizofukuliwa na Mary Leakey na kikundi chake kuanzia 1978, lakini hiparioni nao walipita pale pale. Mwaka 1984 Elise Renders alizichambua nyayo zao na kuonyesha walivyokuwa wakitembea: mwendo wa haraka ambao miguu hukanyaga mmoja baada ya mwingine, bila mnyama kuachana na ardhi. Baadhi ya aina za farasi wa leo huwa na mwendo huo, na wapandaji huupenda kwa kuwa hautikisi.

Equus mwenyewe alichelewa. Jenasi hii ilitokea Amerika ya Kaskazini kati ya miaka milioni 4 na 4.5 iliyopita. Makadirio hayo yalitolewa mwaka 2013 baada ya wataalamu kusoma chembe za urithi za mfupa wa farasi uliokaa katika ardhi iliyoganda ya Yukon, Kanada, kwa takriban miaka 700,000. Mmoja wa watangulizi, Equus simplicidens wa Hagerman huko Idaho, alikuwa na mifupa inayofanana sana na ya pundamilia wa Grevy. Jenasi hii ilivuka Bering kama hiparioni walivyovuka, ikaenea Asia, na miaka milioni 2.3 hivi iliyopita ikaonekana katika tabaka za bonde la Omo, kusini mwa Ethiopia. Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, ndiko alikotoka Equus koobiforensis, mnyama mwenye umbo kubwa.

Wageni hawakuwafukuza wenyeji papo hapo. Kwa zaidi ya miaka milioni moja mnyama mwenye ukwato mmoja na mwenye vidole vitatu walikula nyasi za Afrika pamoja, kama mifupa ya Olduvai inavyoonyesha. Hiparioni wa mwisho wa Afrika, Eurygnathohippus cornelianus, alikuwa na mdomo mpana na meno ya mbele makubwa, ya kukata nyasi chini kabisa. Alikuwa amebobea katika kazi moja. Kama hilo lilimponza ni jambo la kubishaniwa, ila wengine waliobobea vivyo hivyo hawakufika mbali.

Ushahidi wa jambo hilo uko Olorgesailie, kilomita 65 hivi kutoka Nairobi kwa Barabara ya Magadi. J. W. Gregory aliona zana za mawe hapa mwaka 1919, Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba mwaka 1942, na mwaka 1947 pakawa makumbusho. Mgeni hutembea juu ya daraja la mbao, na chini yake mashoka ya mawe yamelala kwa mamia pale pale yalipokutwa. Kusini unasimama Mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika, uliotoa mawe ya kutengenezea zana hizo. Pande zote kuna makorongo yenye tabaka nyeupe, na weupe huo ni magamba ya diatomu, mwani mdogo mno wa majini. Palikuwa na ziwa hapa, likajaa na kukauka mara nyingi. Katikati ya tope lake yako majivu ya volkano, ambayo umri wake hupimwa kwa argoni, na kwa majivu hayo tabaka za Olorgesailie zimepewa tarehe kuanzia miaka milioni 1.2 hadi takriban miaka 490,000 iliyopita. Jua la saa saba mchana huko halina mzaha, na mchungaji anayepitisha mbuzi wake kwenye makorongo hayo huwa amechagua kivuli chake mapema.

Ziwa hilo lilikuwa na majirani wakubwa kupita kiasi. Kulikuwa na tembo wa kale, Palaeoloxodon recki, kulikuwa na nyani Theropithecus oswaldi aliyemzidi nyani yeyote wa leo kwa mwili, na kulikuwa na kiboko ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Pamoja nao alikuwapo Equus oldowayensis, pundamilia mkubwa kuliko huyu wa Kitengela. Wote walikuwa wala nyasi wa kazi. Kama huyo wa nne alikuwa na milia hakuna mfupa unaoweza kusema, ingawa chembe za urithi za pundamilia wa leo zinawaweka wote katika tawi moja, na ni rahisi kuamini kuwa milia ni ya zamani katika tawi hilo. Kazi ya milia nayo imeanza kueleweka. Tim Caro na wenzake waliwavisha farasi makoti ya milia, wakatangaza mwaka 2019 kuwa mainzi waumao waliwakaribia vile vile lakini wakashindwa kutua. Anayeishi karibu na ng'ombe wa Kajiado atajua thamani ya jambo hilo.

Kisha tabaka za Olorgesailie zinakatika. Ardhi ilipasuka na kuinuka, mito ikaanza kula badala ya kuweka, na kumbukumbu ya miaka mingi ikasombwa. Inaporudi, kama miaka 320,000 iliyopita, wanyama si wale tena. Rick Potts wa Smithsonian, ambaye tangu 1985 ameongoza utafiti huko kwa kushirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, alieleza mwaka 2018 pamoja na wenzake kwamba asilimia 85 ya spishi za wanyama wakubwa zilikuwa zimebadilishwa na nyingine. Equus oldowayensis alikuwa amekwisha. Tembo yule na nyani yule pia. Mashoka makubwa ya mawe nayo yalikuwa yametoweka, na mahali pake pamekuja zana ndogo, baadhi zikiwa za mawe meusi ya kioo yaliyoletwa kutoka mbali.

Pengo hilo la katikati limezibwa kwa njia mbili, zote ndani ya Kajiado. Ya kwanza ni Lainyamok, upande wa Magadi, ambako kuna mifupa ya kati ya miaka 390,000 na 330,000 iliyopita. Karibu wanyama wote wakubwa wa hapo ni spishi ambazo bado ziko hai. Kwa hiyo mabadiliko yalikuwa yamekwisha kutokea. Ya pili ni tundu jembamba lililotobolewa mwaka 2012 katika uwanda wa Koora, karibu na Olorgesailie, likatoa nguzo ya udongo na mwamba ya mita 139 yenye kumbukumbu ya miaka milioni moja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba baada ya miaka 400,000 hivi iliyopita maji na nyasi havikutabirika tena: miaka ya neema na ya ukame ilifuatana kwa haraka, na mabonde yakagawanywa na mipasuko ya ardhi. Mnyama mkubwa anayehitaji nyasi nyingi za aina moja kila siku hana la kufanya katika nchi ya namna hiyo. Anayeweza kula chochote chenye jani, na kuhama, anaweza kusubiri mvua.

Aliyechukua nafasi hiyo ni pundamilia wa kawaida, na yeye pia alitoka mbali. Utafiti wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa pundamilia wote wa nyanda walioko leo, kutoka kusini hadi huku, walitawanyika kutoka eneo la Zambezi na Okavango takriban miaka 370,000 iliyopita. Tarehe hiyo inaangukia ndani ya pengo la Olorgesailie. Waliosoma chembe za urithi hawakuwa wakitafuta mifupa ya Magadi, wala waliochimba Magadi hawakuwa wakitafuta chembe za urithi, na ndiyo maana kukutana kwao kuna uzito. Makadirio ya namna hiyo hubadilika, lakini kwa sasa yanakubaliana.

Kurudi Kitengela ni kurudi karibu na wakati wetu. Mashariki ya mji, ng'ambo ya mpaka wa Machakos, unaonekana mlima wa mawe wa Lukenya, ambao siku hizi hujulikana zaidi kwa wapanda miamba. Katika mapango na vivuli vya mawe yake watu waliwinda na kula kwa maelfu ya miaka mwishoni mwa kipindi cha barafu, na mabaki ya chakula chao yana jambo la kushangaza: pundamilia wa Grevy. Leo mnyama huyu anaishi kaskazini mwa Kenya na sehemu za Ethiopia tu. Masikio yake ni ya mviringo, milia yake ni myembamba isiyofika tumboni, na jina lake ni la Jules Grévy, rais wa Ufaransa aliyeletewa mmoja kutoka Uhabeshi, na mnyama huyo akaelezwa kisayansi mwaka 1882. Hesabu ya mwaka 2018 iliwakuta 2,812 nchini Kenya, na hao ndio wengi wa waliobaki duniani. Mifupa ya Lukenya na ya kandokando ya Ziwa Viktoria inaonyesha kwamba aliwahi kuishi huku kusini pamoja na pundamilia wa kawaida, nchi ilipokuwa kavu zaidi. Mvua zilipoongezeka miaka 12,000 hivi iliyopita, nyasi kavu alizozizoea zilirudi kaskazini, naye akazifuata.

Pundamilia aliyebaki Kitengela anaishi kwa tumbo lake. Hacheui. Nyumbu na ng'ombe hukizuia chakula tumboni hadi kisagike vizuri. Pundamilia hukipitisha haraka, akachukua anachoweza, akala tena. Kwa hiyo anaweza kuishi kwa mabua makavu ambayo nyumbu angeyaacha, ili mradi ayapate kwa wingi na awe na maji karibu. Anapotangulia na kukata mabua marefu, majani mafupi ya chini hufichuka, na nyumbu na swala hufuata nyuma yake. Wingi ndio sharti. Ukiuzuia mwendo wake umemnyima chakula.

Na mwendo huo ulikuwa na ratiba. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, haitoshi kuwalisha mwaka mzima. Mvua zikinyesha, pundamilia na nyumbu walivuka mpaka wa kusini usio na uzio na kutawanyika katika nyanda za Kaputiei. Kiangazi kikiingia walirudi kwenye maji ya mbugani. Ardhi waliyoipita ilikuwa ya Wamaasai, na mifugo na wanyama walilisha pamoja. Sheria ya ranchi za vikundi ya mwaka 1968 iliiandikisha kwa majina ya vikundi, kisha ranchi zikagawanywa, kila mtu na hati yake. Eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River lilianzishwa mwaka 1990, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na Kitengela ikawa mji. Leo ukitoka barabara kuu unapita ploti baada ya ploti, bango la kuuza ardhi, ukuta wa mawe, seng'enge, tena bango. Idadi ya nyumbu imeporomoka vibaya tangu miaka ya 1970. Pundamilia wameshikilia zaidi, na anayejua matumbo yao hashangai.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa mbuga wasijenge uzio, dola nne za Marekani kwa ekari kwa mwaka, malipo yakipangwa yaangukie wakati wa karo za shule. Ulisaidia kwa wakati wake. Lakini ploti moja ikiuzwa, mwenye nayo hupata mara moja pesa nyingi kuliko ambazo mpango ungemlipa maisha yake yote, na hesabu hiyo haimhitaji mtaalamu wa uchumi. Ukame nao huwakuta wanyama wakiwa wamebanwa. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu pundamilia wa kawaida 381 waliokufa nchini, na wa Grevy 49.

Jamaa mwingine anayeonekana kila siku Kajiado ni punda. Asili yake ni punda-mwitu wa Afrika, na utafiti wa chembe za urithi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa alifugwa mara moja tu, Afrika Mashariki, miaka 7,000 hivi iliyopita. Njiani kati ya Isinya na Kajiado wanawake huwapeleka visimani wakiwa na madumu ubavuni, na punda hupita mahali pasipopita pikipiki. Biashara ya ngozi zake kwa soko la China ilivifanya vichinjio vya Kenya vimeze punda wengi kuliko waliozaliwa, wizi ukaenea, na Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo.

Farasi mwenyewe, anayeupa ukoo jina, ndiye mgeni wa mwisho. Amerika, alikotokea, alikwisha miaka 10,000 hivi iliyopita. Aliyebaki Asia na Ulaya alifugwa kwenye nyika za kaskazini ya Bahari ya Caspian, na farasi wote wa kufugwa wa leo wametokana na wale walioanza kuenea kutoka huko miaka 4,200 hivi iliyopita. Walowezi walipoleta farasi wao Nairobi walikuta ugonjwa unaosambazwa na usubi, unaoua farasi wengi unaowapata kwa siku chache. Pundamilia huupata pia, bila kuonyesha dalili, na damu yake huwa ghala la virusi vya ugonjwa huo. Ndiyo maana farasi wanaofugwa kuzunguka Nairobi hupigwa chanjo, na wafugaji waangalifu huwaingiza bandani kabla jua halijatua, kwa kuwa usubi huuma zaidi jioni na alfajiri.